Kialama cha ng'ombe kilichokula salio

Haya, huko nyuma mnanisikia? Sawa. Nimeitwa niongee na nyie mnaoshika kurasa za vikundi, mnaandikaje tangazo likatoshea bila kukatwa mkia, na mi sina cheti cha hayo mambo, nina aibu yangu moja tu, ndo nitaanza nayo.

Nilikuwa katibu wa kikundi cha wafugaji, wanachama 400. Tukanunua meseji 500 za jumla, nikajua zinatosha na zingine zinabaki. Nikaandika kwenye kompyuta, nawasomea: "Habari wanachama wote, tunapenda kuchukua nafasi hii kuwatangazia ya kwamba zoezi la kuchanja ng'ombe litafanyika Jumamosi saa mbili asubuhi pale joshoni." Nikahesabu kwa kidole kwenye skrini, herufi 154 na nafasi zake zote, kikomo cha meseji moja ni 160, nikajisifu kabisa, nikakopi nikatuma. Haikupita nusu saa salio kwisha, na waliopata ni watu 166.

Nikapiga simu kwa waliotuuzia nikiwa nimewaka, nyie wezi, sijui nini. Kijana wa watu akanisikiliza mpaka nikaishiwa, afu akaniuliza taratibu, mama, hiyo alama ya kwenye ng'ombe umeitoa wapi?

Alama ya kwenye ng'ombe! Kumbe programu ya kuandikia kwenye kompyuta inakipindisha kile kialama, kinakaa kama koma iliyopanda juu, wakati cha kwenye simu mara nyingi kimesimama wima. Kilichosimama SMS inakijua, kilichopinda haikijui. Na ndo ilivyo, SMS moja ina baiti 140 tu, herufi za kawaida zinabanwa zinaingia 160, ila ukichomeka alama moja ngeni, iwe kile kialama, iwe emoji ya kucheka, meseji nzima inahamia kwenye mfumo mwingine unaokula nafasi zaidi na kikomo kinashuka mpaka 70. Ikizidi hapo inakatwa vipande vya 67, kwa sababu kila kipande kinaacha nafasi kidogo ya kuungia na mwenzie. Piga hesabu, 154 kwa vipande vya 67 ni vipande vitatu kila mtu, na 500 kwa tatu ni watu 166. Kijana hakuniibia. Mdudu alikuwa kwenye ng'ombe.

Hiyo 160 nayo haikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1985 huko Bonn, Ujerumani, mhandisi wa simu Friedhelm Hillebrand alikaa na taipureta akawa anaandika sentensi za hivi hivi, maswali, salamu, anahesabu herufi, akaona nyingi hazizidi 160. Twitter ilipoanza 2006 watu walikuwa wanapost kwa SMS, kwa hiyo wakachukua 160, wakatoa 20 za jina la mtu, zikabaki 140. Novemba 2017 wakaongeza mpaka 280. Na siku hizi pale X, ndo Twitter hiyo hiyo, linki yoyote inahesabiwa 23 hata iwe ndefu kama reli, kwa hiyo acheni kuhangaika kuifupisha. Mitandao mingine, Bluesky kikomo ni 300, Threads 500. Basi, namba hizo mnazijua au mtaziona wenyewe pale chini mkiandika.

Tuje kwenye lugha sasa maana hapa ndo tunapoteza. Kijana akiambiwa fupisha anaanza kunyofoa vokali, mtu anakuwa m2, sijui inakuwa cjui. Hesabu jamani! Mtu ni herufi tatu, m2 ni mbili, umeokoa moja na mzee wangu wa joshoni umempoteza, anaigeuza simu juu chini. Unafupisha kwa kitenzi, Kiswahili kimetupa kitenzi kinachobeba mzigo wa punda. Neno "hatutawachanjia" lina sisi, lina kukataa, lina wakati ujao, lina wao, lina kuchanja na lina kwa ajili yao, neno moja tu. Zamani kwenye simu ya maandishi, yaani telegramu, ulilipia kwa neno, mwenye Kiswahili alikuwa anapunjwa kidogo kuliko wengine, mi naamini hivyo.

Ila tumejazwa lugha ya ofisini. "Zoezi la kuchanja litafanyika", herufi 29. "Tunachanja", 10. Hatulipi tena, tunafanya malipo, hatukutani, tunafanya kikao cha kukutana! Na rudini kwenye tangazo langu, herufi 75 za kwanza, karibu nusu, hazina kitu, mpaka "ya kwamba" msomaji hajajua naongelea ng'ombe au harusi. Mama wa pwani jina la kanga "Wema hauozi" ni herufi 11, na jirani anayeambiwa anajijua.

Basi nikaomba hela tena kwa mweka hazina, nikatuma hii: "Jumamosi saa 2 asubuhi tunachanja ng'ombe joshoni. Waleteni." Herufi 60. Hata kialama kikipinda bado iko chini ya 70, meseji moja.

Ndiyo mama, uliza. Salamu? Eeh, swali zuri, maana kweli kuna wazee ukiwatangazia bila salamu hawaji, wanasema katibu ana kiburi. Mi sijasema mtoe salamu. Ukiandika 60 na kialama kimesimama wima, umebakiwa na 100, weka "Shikamooni" yako, ni herufi 10, ila baada ya hapo usiendelee kuchukua nafasi hii, nafasi ulishapewa. Yangu ile haikuwa na salamu, kweli, na mzee mmoja alinisema pale pale joshoni mbele za watu. Ila alikuwa amefika saa moja na nusu, na ng'ombe wake wote saba.