Yai Lazima Lipungue: Mhadhara kwa Wafugaji wa Kuku, Muheza

Shikamooni wazee, na habari za mchana wafugaji wenzangu. Wengi mmenipigia simu kuuliza vipimo vya kitotoleshi, lile kasha la kutotolesha mayai kwa joto la balbu: kasha upana gani, balbu ngapi, plaiwudi au lile povu jeupe la kubebea samaki. Nitajibu, ila kwa haraka, maana kasha halijawahi kuniulia kifaranga. Kilichoniulia ni maji.

Kasha lolote linalotunza joto linafaa. Funga balbu mbili za zamani, zile zinazounguza mkono, ili moja ikikatika usiku nyingine ibaki. Weka themostati, kile kifaa kinachowasha na kuzima balbu ili joto lisibadilike, na feni ndogo ya kompyuta ya kuzungusha hewa. Toboa matundu chini na juu, kwa sababu kifaranga anavuta hewa akiwa bado ndani ya ganda. Joto liwe 37.5. Kama huna feni, hewa ya juu inakuwa ya moto kuliko ya chini, hivyo pima usawa wa migongo ya mayai na uache lifike kama 38.5.

Kipimajoto cha sokoni usikiamini kabla hujakishindanisha. Nenda duka la dawa ununue kile cha kupimia homa, maana kimetengenezwa kwa joto hilihili tunalolitaka. Tia maji ya vuguvugu kikombeni, tumbukiza ncha zote mbili kwa pamoja, usome. Vikipishana, andika tofauti hiyo kwa kalamu ubavuni mwa kasha. Wamisri wa kale walitotolesha mayai katika matanuri ya udongo bila kipimo chochote, wakaligusisha yai kwenye kope la jicho kujua kama lina moto. Kope zao zilikuwa na mazoea ya miaka. Sisi tununue kipimajoto.

Sasa maji. Mzao wangu wa kwanza niliweka mayai 40, wakati wa masika. Maelekezo niliyokuwa nayo yalisema weka bakuli mbili za maji tangu siku ya kwanza, nami nikaweka. Siku ya 21 walitoka vifaranga watatu. Siku ya 23 nikayapasua yaliyobaki, na ndani nikakuta vifaranga waliokamilika, manyoya yote, mdomo tayari, wamekufa wakiwa wameloa ute. Niliumia sana. Wangekuwa mayai viza ningeelewa, lakini hawa walifika mlangoni.

Yai linapoatamiwa linapoteza maji kupitia vitundu vya ganda, na nafasi inayobaki inakuwa chumba cha hewa upande ule mnene. Humo ndimo kifaranga anapovuta pumzi yake ya kwanza kabla hajatoboa ganda. Maji yasipopungua, chumba kinabaki kidogo, naye anakosa hewa.

Na sisi wa huku Tanga tuna hewa nzito. Hewa yenye joto la 27 na unyevu wa asilimia 80, ukiipasha mpaka 37.5, bado inabaki na unyevu wa kama asilimia 44. Yaani kasha likiwa kavu kabisa, bila tone la maji, umeshakaribia ile asilimia 50 inayotakiwa ndani ya kasha. Mwenzako wa Njombe, asubuhi yenye joto la 15 na unyevu wa 60, akiipasha hewa yake anabaki na kama 16. Huyo bakuli linamhusu. Sasa ninyi wawili mtafuataje karatasi moja?

Kwa hiyo mimi siku hizi nategemea mzani wa jikoni. Trei ya mayai 30 ya kienyeji, tuseme ina gramu 1,350 bila uzito wa trei yenyewe. Mpaka siku ya 18 inatakiwa ipungue kama asilimia 13, ibaki karibu 1,175. Pima kila wiki. Wiki ya kwanza ikiwa imepungua gramu 70 hivi, uko sawa. Ikipungua 40 tu, toa maji, fungua matundu zaidi. Ikipungua 100, ongeza bakuli. Siku tatu za mwisho mambo yanageuka: ongeza maji unyevu ufike 65 au 70, ili utando usimkaukie kifaranga anapotoboa, na usifungue mlango hata ukisikia wanalia. Kiini walichokimeza kinawatosha hata siku mbili bila chakula.

Kugeuza mnakujua: alama ya penseli pande mbili, mara tatu au tano kwa siku, mara witiri, ili yai lisilale usiku upande uleule. Siku ya 18 unaacha. Umeme ukikatika, funika kasha kwa blanketi, weka ndani chupa za maji ya moto kiasi. Baridi ya saa chache yai linaivumilia. Joto likipita 40 halivumilii.

Nimekuja na mayai mawili ya siku ya 18, moja la kasha kavu, jingine la kasha nililoliwekea maji makusudi ili mwone. Aliye karibu na swichi, tafadhali azime taa. Mama, shika tochi hii, ibane upande mnene. Mnaona huo mstari wa chumba cha hewa, ulipofika kwenye hili la kwanza, la kasha kavu? Karibu theluthi ya yai. Haya, sasa mpe hilo la pili.