Denim: "cha" iliyomeza mji

Habari za jioni. Kabla sijasema lolote, aliyevaa jinzi akunje pindo la mguu atazame ndani. Mnaona? Nje buluu, ndani karibu nyeupe. Nyuzi za mtande, zile za urefu, zimetiwa nili; za mshindio, zinazozikatiza, zimeachwa kama zilivyo. Na ule mstari wa mshazari unatokea kwa kuwa mshindio hupita chini ya nyuzi mbili au tatu za mtande, ndipo uruke juu ya mmoja.

Kitambaa hiki Waingereza hukiita denim. Jina walilitoa kwa Wafaransa mwishoni mwa karne ya 17: serge de Nîmes, yaani seji ya Nîmes, mji wa kusini mwa Ufaransa. Wenyewe hutamka "nim", ile s haisikiki. Waingereza wakaidondosha serge, ambayo ndiyo nguo, wakabaki na de Nîmes. Ni kama sisi tuseme "kitambaa cha Mwanza", mara "kitambaa" kianguke, tuanze kuuza chamwanza kwa yadi. Mjukuu atauliza chamwanza ni nini, na ile "cha" imeganda humo mbele ya macho yake.

Nguo nayo haikutulia. Serge inatokana na neno la Kilatini la hariri, ikaja kuwa jina la kitambaa cha sufu, na denim ya leo ni pamba. Ndiyo maana nikisikia mtu anaapa kwamba suruali yake asili yake ni Nîmes, namwambia: jina, sawa. Kitambaa ni kesi nyingine.

Na jinzi je? Jina hilo linatoka Genoa, bandari ya Italia, ambayo Wafaransa huiita Gênes. Miji miwili, suruali moja! Tena suruali yenyewe, ya misumari ya shaba mifukoni, ni ya Marekani: fundi cherehani Jacob Davis na mfanyabiashara Levi Strauss waliipatia hataza, yaani haki ya uvumbuzi, tarehe 20 Mei 1873.

Tusiwacheke Waingereza, nasi tuna yetu. Karne ya 19 meli za Salem, Massachusetts, huko Marekani, zilishusha Zanzibar majora ya pamba nzito isiyotiwa rangi. Watu wakaiita merikani. Baadaye viwanda vya Bombay vikafuma ya kwao, nayo sokoni ikawa merikani vilevile.

Haya, maswali. Mama pale nyuma, mwenye leso. Naam, hiyo leso nayo ni ya Wareno: lenço, kitambaa cha mkononi. Uliza, mama.