Shaka Hii ni Mzigo wa Nani?

Ndugu zangu, asanteni. Nimeombwa nizungumzie "namna ya kuishi na mashaka" katika matibabu ya wahamiaji. Kichwa hicho sikukichagua mimi, na kusema kweli kinaniudhi. Kinafanya mashaka yaonekane kama mvua: imenyesha, jifunike, vumilia. Mimi nina swali jingine, na wanaonifahamu wameshalichoka: pale ambapo hatujui, anayeumia ni nani?

Niwape kesi mbili za Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, kule Strasbourg. Wauguzi, msikimbie. Hazihitaji shahada ya sheria.

Mwaka 2008, mwanamke kutoka Uganda anayetajwa kwa herufi moja tu, N, alipinga kurudishwa kwao kutoka Uingereza. Alikuwa na VVU, na dawa zilikuwa zimemsimamisha vizuri. Madaktari walisema akizikosa atadhoofika haraka. Je, kwao angezipata? Zilikuwepo, lakini si kila aliyezihitaji alizipata. Majaji 14 dhidi ya 3 wakaamua kwamba kumrudisha hakuvunji haki zake. Sasa sikilizeni sehemu ya hoja yao: angezorota kwa kasi gani, na angepata matibabu kiasi gani, ni mambo ambayo kwa sehemu ni ya kukisia. Yaani wamekiri kwamba hawajui, kisha kutojua huko wakamtwisha yeye!

Twende tarehe 13 Desemba 2016, mahakama ileile. Paposhvili, raia wa Georgia, anatakiwa kuondoka Ubelgiji akiwa na saratani ya damu na kifua kikuu. Safari hii majaji wanapanga upya. Mgonjwa alete ushahidi unaoonyesha sababu nzito za kuamini kwamba akirudishwa afya yake itaporomoka vibaya, haraka na bila kurekebishika, hadi ateseke sana au umri wake ufupishwe mno. Akishauleta, mzigo unahamia kwa serikali. Haitoshi tena kusema "dawa ipo nchini mwao". Iangalie kama mtu huyu ataifikia: bei, umbali, ndugu wa kumshika mkono. Na shaka nzito ikibaki, serikali itafute uhakikisho kutoka nchi anakopelekwa, kwa ajili yake yeye, si wagonjwa kwa jumla. Mwenyewe hakuisikia hukumu hiyo. Alifariki Juni mwaka huohuo. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Uingereza nayo ikaifuata.

Ushahidi huo unatoka wapi? Kwako, daktari. Kwenye barua unayoiandika kuhusu afya ya mgonjwa wako anayepinga kurudishwa kwao.

Nimesoma barua nyingi, na nyingine zinanitia uchungu. "Mgonjwa ni mtu mpole na mwenye bidii, tunaomba asaidiwe." Afisa wa uhamiaji hapimi upole! Nyingine: "Kumrudisha ni kumuua." Wakili wa serikali atauliza swali moja tu, umejuaje, na barua nzima itakuwa imekufa. Andika hivi: ana VVU, anatumia dawa hizi tangu mwaka fulani, akiziacha, kwa kawaida virusi huonekana tena kwenye damu ndani ya wiki chache, kinga yake iliwahi kushuka hadi kiwango hiki na akaugua hiki na hiki, ikishuka tena tunatarajia yaleyale au mabaya zaidi. Kisha ongeza: "Siwezi kusema itachukua miezi mingapi."

Hiyo ya mwisho ndiyo mnayoikwepa, mkidhani inamwangusha mgonjwa. Hapana. Ndiyo inayofanya zile za juu ziaminike, na inaonyesha wazi pa serikali kujibu.

Najua kuna mmoja hapo nyuma anataka kuniambia, "Mimi ni daktari, si wakili." Vizuri sana! Basi usiandike habari za maduka ya dawa ya nchi usiyowahi kufika. Andika unachokijua kwa kumpima mtu. Hayo mengine wakili atayatafuta, ni kazi yake.

La pili nitalipitisha mbio: dawati la mapokezi. Uingereza, kujiandikisha kwa daktari wa mtaa hakuhitaji pasipoti. Kifua kikuu na VVU hutibiwa bure hata kwa asiye na kibali. Huduma ya uzazi inaweza kutozwa, lakini haicheleweshwi kwa sababu ya pesa. Ila karani asiyejua kanuni hakosi jibu, na jibu lake huwa "rudi na karatasi". Hivi kwa nini asiyejua ni yeye, na anayerudi nyumbani na homa ni mwingine? Msiniambie hospitali zina gharama. Nazungumzia wale ambao kanuni zenyewe zinasema watibiwe.

Tena hofu hudumu kuliko kanuni. Mpango wa kuipa idara ya uhamiaji ya Uingereza anwani za wagonjwa ulianza rasmi 2017, ukaondolewa 2018. Hadi leo wapo wanaouogopa, na siwalaumu.

Nilikuwa na la wakalimani, lakini mwenyekiti ameshaanza kukohoa. Kwa ufupi: mtoto wa mgonjwa asitumiwe kutafsiri habari za ugonjwa wa mama yake. Basi. Waliokuja na barua zao, futeni majina mzilete hapa mbele tuzisome.