Asetoni: Kiyeyushi cha Saluni na Mvuke Wake

Ndugu wasikilizaji, kiyeyushi ninachokizungumzia leo ni asetoni, kimiminika kisicho na rangi ambacho wengi wetu tunakifahamu kwa kufutia rangi ya kucha. Sifa yake kubwa ni kwamba huchanganyika na maji kwa kiwango chochote, na wakati huohuo huyeyusha rangi, gundi na plastiki kadhaa ambazo maji hayaziwezi. Ukiimimina katika boksi jeupe la povu la kuwekea chakula, boksi hunywea papo hapo. Mafundi wa kuchomelea nao wanayo, ingawa hawaioni, kwa kuwa ndani ya mtungi wa asetilini ndiyo inayoiyeyusha gesi hiyo na kuituliza, na ndiyo sababu mtungi huo hutumiwa ukiwa umesimama wima, asetoni isije ikatoka pamoja na gesi. Hata ini la binadamu huitengeneza kidogo, na harufu yake husikika katika pumzi ya mgonjwa ambaye kisukari chake kimepanda sana.

Watu huulizia zaidi sumu yake. Ni kweli kwamba hukausha ngozi, huwasha macho na, katika chumba kisichopitisha hewa, huleta kizunguzungu. Lakini kwa maoni yangu cha kuogopwa kwanza ni moto. Asetoni huchemka katika nyuzi 56 za Selsiasi, na hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata katika baridi ya karibu nyuzi 20 chini ya sifuri. Mvuke huo, ambao una uzito wa takriban mara mbili ya hewa, haupandi darini bali hutambaa sakafuni, ukaweza kulifikia jiko la mkaa lililo mbali na chupa, kisha moto ukarudi kwa njia ileile. Kwa hiyo ule mtindo wa kuweka bakuli la asetoni ndani ya maji ya moto ili kucha za bandia zibanduke haraka, siuungi mkono hata kidogo.

Bakuli likiwaka, lifunikeni kwa mfuniko wa chuma. Maji machache hayauzimi moto huo, bali huweza kuumwaga na kuusambaza. Na mtoto akiinywa, asitapishwe, maana ikiingia mapafuni madhara huzidi: apelekwe hospitali mara moja, pamoja na chupa yenyewe.