Mvua ya Sydney: Uingereza na Australia, 1894–95

Asanteni. Leo nazungumzia mechi tano za kriketi za Test, yaani za kimataifa za siku nyingi, ambazo Waingereza walicheza Australia katika ziara ya 1894–95, na nina hoja moja tu. Mfululizo ule husifiwa kwa ushujaa wa wachezaji, na mashujaa walikuwepo kweli, lakini kwa maoni yangu ulitawaliwa zaidi na mvua, na mechi yake ya kwanza iliamuliwa na mvua pamoja na kifungu kimoja cha sheria.

Twende Sydney, Desemba 1894. Kila timu hupiga mara mbili huku nyingine ikitupa mpira, na alama zake ni mikimbio. Australia wanapiga kwanza, wanakusanya mikimbio 586. Syd Gregory peke yake 201, George Giffen 161. Nikisema Australia, kumbukeni nchi hiyo ilikuwa haijazaliwa: yalikuwa makoloni sita ya Mwingereza, yakaungana 1901. Timu ya taifa ilitangulia taifa lenyewe! Waingereza, chini ya nahodha Andrew Stoddart, wakajibu kwa 325. Pengo la 261.

Hapo ndipo sheria ilipoingia. Siku hizi nahodha anayeongoza kwa kiasi hicho ana hiari: awarudishe wapinzani wapige tena papo hapo, au apige yeye. Mwaka 1894 hapakuwa na hiari. Jack Blackham wa Australia, atake asitake, ilibidi awarudishe Waingereza, maana yake watu wake ndio wangepiga mwisho, kwenye pichi, ule ukanda wa ardhi mpira unapotua, iliyokwisha kuchakaa. Uingereza wakafika 437, Albert Ward akipata 117. Australia wakabaki wanadaiwa mikimbio 177.

Jioni ya siku ya tano wana 113, wapigaji wawili tu wametoka. Zimebaki 64. Inasimuliwa kwamba hata Bobby Peel, mtupaji wa mkono wa kushoto kutoka Yorkshire, aliona mambo yamekwisha akaenda kulewa, na asubuhi ikabidi nahodha wake amtie chini ya maji baridi.

Usiku ikanyesha. Enzi zile pichi haikufunikwa, na asubuhi jua likawaka. Mgeni wa kriketi atauliza, jua si ndiyo nafuu? La hasha. Udongo ukikauka juu huku chini bado ni tope, mpira ukitua hung'ata ardhi: mara unaruka kifuani, mara unakata kona, mara unalala. Mtupaji wa polepole anayezungusha mpira hahitaji zaidi ya hapo. Peel akachukua wiketi 6, yaani akatoa wapigaji sita, na Australia wote wakatoka kwa 166. Wameshindwa kwa mikimbio 10. Katika Test, timu iliyorudishwa ilikuwa haijawahi kushinda. Blackham, aliyekuwa ameumia kidole gumba, hakucheza Test tena.

Zilizofuata nazipitia haraka. Melbourne, Giffen, nahodha mpya, alishinda kura ya sarafu akawapa Waingereza pichi iliyolowa. Wakatolewa kwa 75. Lakini Australia nao wakapata 123 tu, pichi ikakauka, Stoddart akapiga 173, Uingereza wakashinda. Australia wakajibu Adelaide, kisha Sydney, ambako mvua iliwageukia Waingereza safari hii: walitolewa kwa 65 na 72. Pale Adelaide kijana Albert Trott, katika Test yake ya kwanza, alichukua wiketi 8 kwa mikimbio 43 na hakutolewa zamu zote mbili. Mwaka uliofuata ziara ya Uingereza ilipopangwa wakamwacha, na nahodha wa ziara ile alikuwa kaka yake Harry! Albert baadaye akaichezea Uingereza.

Mbili kwa mbili, basi, wakarudi Melbourne Machi 1895. Uingereza walihitaji 297 kushinda. Hapa sina budi kulegeza hoja yangu, kwa sababu Jack Brown wa Uingereza hakubebwa na mvua. Aliingia wawili wakiwa wametoka kwa mikimbio 28, akafikisha 50 ndani ya dakika 28. Yeye wa Yorkshire na Ward wa Lancashire, majirani wasiopendana kikriketi, wakaongeza 210 pamoja. Brown 140, Ward 93, Uingereza wakashinda wiketi 6 zikiwa bado zimebaki, na wakachukua mfululizo kwa tatu kwa mbili.

Na ile sheria? Ilibadilishwa mwaka 1900, nahodha akapewa hiari. Mwaka 1981, kule Headingley, Uingereza, Kim Hughes wa Australia alikuwa nayo. Akawarudisha Waingereza kupiga, akashindwa kwa mikimbio 18.