Jina Bila Somo

Ndugu zangu, leo ni majina tunayowaazimia watoto wetu, na nitaanza na yule yule Jayden; mlionisikia mwaka jana mtanivumilia. Mtoto wa Temeke. Kwenye kadi ya kliniki muuguzi aliandika alivyosikia: Jeideni. Cheti cha kuzaliwa kikatoka Jaden. Shuleni mwalimu, msomi, akatia y. Kufika kidato cha nne vyeti vinakataana, baba anakimbizana na wakili aapiwe kwamba watoto hao watatu ni mmoja. Na nyumbani? Bibi yake hajalitamka hata siku moja. Anamwita "mume wangu", yameisha.

Nikamuuliza baba, jina ulilitoa wapi? "Nimelipenda tu, mwalimu." Hapo ndipo tunapogombana! Ukiagiza gari Japani unauliza limetembea kilomita ngapi. La mwanao huulizi?

Najua mtanirukia: "Kwani Juma na Hamisi ni ya kwetu? Si Kiarabu hayo?" Ni Kiarabu, sibishi. Lakini Juma ana somo wake. Yuko babu aliyelibeba kabla yake, akija mjini kitu cha kwanza anauliza, "Somo yangu hajambo?" Huyu Jayden somo wake nani? Anaishi wapi?

Sasa watazameni Wamarekani Weusi. Mwaka 1966, mwaka mmoja tu baada ya ghasia za mtaa wa Watts kule Los Angeles, mwanaharakati wao Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa: siku saba, na kila siku ina neno lake la Kiswahili. Watu wakawaita watoto wao Nia, wakawaita Imani. Mshairi LeRoi Jones, mtu mzima, akawa Amiri Baraka. Wahenga wao wengi walichukuliwa Afrika Magharibi, ambako Kiswahili hakikusemwa. Walilijua hilo, na bado wakachagua. Muulize mama aliyemwita mwanawe Imani miaka ile, atakukalisha chini akueleze mpaka chai ipoe. Anayeazima hivyo, mimi sina ugomvi naye.

"Basi serikali ipige marufuku!" Hapana, jamani. Rais Mobutu alifanya hivyo 1972, akayafuta majina ya Kikristo Zaire nzima, Kongo ya Kinshasa ya leo, yeye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré akawa Sese Seko. Kamba ilipolegea miaka ya 1990, kina Pierre na Marie wakarudi mchana kweupe.

Nilikuwa na la tamthilia za Kikorea, na la wachezaji mpira, ila mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali? Wewe baba wa nyuma, simama. Kwanza tuambie wanao wanaitwaje.