Kiti Kisichoachwa Kitupu: Nani Analipia Simu ya Dharura?

REHEMA: Karibuni tena wasikilizaji. Leo tunazungumzia zile tarakimu tatu za simu ya dharura anazozipiga mtu huku mkono unatetemeka, na nani alipie kituo kinachoipokea. Kaka Juma, ulisema tuanzie kwenye kiti.

JUMA: Kiti kimoja cha mpokea simu, dada. Wiki ina saa 168, mfanyakazi mmoja anafanya saa 40. Gawanya: watu wanne na ushei. Ongeza likizo, ugonjwa na mafunzo, wanafika watano. Watu watano wanalipwa mshahara ili kiti kimoja tu kisibaki kitupu.

REHEMA: Na kiti kimoja hakitoshi.

JUMA: Kitatoshaje? Mpokea simu anamwelekeza mama namna ya kumkandamiza mumewe kifua, anahesabu naye, moja, mbili, tatu. Simu ya pili inaita. Nani apokee?

REHEMA: Hilo limeshaua. London, mwaka 1935, nyumba iliungua mtaa wa Wimpole na wanawake watano wakafa. Jirani alipiga simu kuita zimamoto, akawekwa kwenye foleni. Mwaka 1937 jiji hilo likafungua namba 999.

JUMA: Sasa chukua mji wa watu elfu chache. Viti viwili, watu kumi, mitambo, jenereta. Hauwezi peke yake. Ndiyo maana Marekani, kwenye 911, namba yao ya dharura, miji na kaunti jirani nyingi zimeandikiana mikataba: kituo kimoja, bodi moja, kila mmoja anachangia.

REHEMA: Na ugomvi unaanzia kwenye neno hilo, kuchangia.

JUMA: Unaanzia hapo hasa. Mkigawana kwa idadi ya wakazi, mji uliopitiwa na barabara kuu unapona: wakazi wachache, ajali za wapita njia tele. Mkigawana kwa idadi ya simu, mji wenye wazee wengi unaona unatozwa kwa sababu watu wake wanaugua. Wengi huchanganya: kiasi fulani sawa kwa kila mmoja, kinachobaki kifuate wakazi au simu. Mimi napenda simu zihesabiwe kwa wastani wa miaka kadhaa, mwaka mmoja wa mafuriko usivuruge bajeti ya mtu.

REHEMA: Hicho cha sawa kwa sawa kiwe kidogo. Mji mdogo ukilemewa utajitoa, na mzigo wake utawaangukia waliobaki. Ila kuna woga mwingine ninaousikia, nao si wa fedha: "Huyo wa kituo cha mbali hapajui kwetu."

JUMA: Woga wa haki kabisa. Mtu akilia "njoo pale kwenye daraja lililovunjika", mpokea simu wa hapo hapo anajua. Wa mbali atauliza mara tatu. Kwa hiyo mkataba mzuri unalipia ramani yenye majina wanayoyatumia wakazi, na unawachukua wapokea simu wa zamani badala ya kuwaachisha kazi.

REHEMA: Tena simu ya mkononi haijui mpaka. Inashika mnara, na mnara unaweza kuwa ng'ambo ya mto, kwa kaunti nyingine. Simu inaita huko, inahamishwa, sekunde zinakwenda. Majirani watashirikiana tu, wapende wasipende.

JUMA: Halafu kuna tozo kwenye bili ya simu. Mwananchi analipa kila mwezi akijua ni ya dharura. Tangu sheria ya mwaka 2008, Tume ya Mawasiliano ya Marekani huripoti bungeni kila mwaka fedha hizo zimekwenda wapi, na New York na New Jersey zimetajwa humo kwa kuzihamishia mambo mengine.

REHEMA: Hilo linaniuma. Mtu ametozwa kwa jina la mgonjwa wake! Fedha hiyo iwe na akaunti yake, na bodi ya pamoja iione kila robo mwaka.

JUMA: Na kila mchangiaji awe na kura, hata mdogo.

REHEMA: Kituo chenyewe kikizimika je?

JUMA: Simu ziende kwa kituo jirani, na hilo liandikwe pamoja na gharama yake. Halafu lijaribiwe.

REHEMA: Lijaribiwe lini?

JUMA: Saa nane za usiku, zamu ikiwa na watu wachache kuliko zote.